Mkeka Uliochanwa na Mechi Moja

Jumamosi usiku, kwenye vijiwe vya kubeti kuanzia Mbeya hadi Mombasa, malalamiko ni yale yale: mechi tisa zimetoka, moja imechana mkeka, yaani tiketi ya mechi kadhaa isiyolipa mpaka zote zitoke kama ulivyotabiri. Anayesema hivyo anaamini alibakiza hatua moja tu kuzifikia pesa, na kwamba wiki ijayo akichagua kwa makini zaidi atafika. Imani hiyo inastahili kupigiwa hesabu, kwa sababu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye kijiwe akiwa na nauli ya wiki nzima mkononi.

Chukua mkeka wa mechi kumi, kila moja ina odi 1.30 (odi ni bei ya kampuni, namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda), zile zinazoitwa timu za uhakika. Ukizidisha 1.30 kwa yenyewe mara kumi unapata 13.79, hivyo dau la shilingi 1,000 linaahidi 13,790. Kama bei hiyo ingekuwa ya haki, kila timu ingekuwa na uwezekano wa kushinda wa asilimia 76.9, maana 1 ukiigawanya kwa 1.30 ndicho unachopata. Lakini kampuni imeshakata chake kabla hujaiona odi. Ukiyaondoa makato ya kawaida, uwezekano halisi unashuka hadi asilimia 71 hivi. Kumi zote kutoka kwa pamoja ni asilimia 3.3, yaani mkeka mmoja kati ya 31.

Sasa tazama upande wa pili. Uwezekano wa mkeka huo huo kukosa mechi moja tu, si zaidi, ni asilimia 13.3. Kukosa mbili ni asilimia 24. Kukosa tatu, ambako ndiko mikeka mingi huangukia, ni karibu asilimia 27. Maana yake ni kwamba kati ya mikeka 100 ya aina hii, mitatu inalipa na 13 inachanwa na mechi moja. Kuchanwa na mechi moja hutokea mara nne zaidi ya kushinda, na kutaendelea kutokea mara nne zaidi hata mchezaji awe makini namna gani, mradi uwezekano wa kila mechi ni ule ule. Anayechanwa hivyo mara nne kwa msimu mzima hajaonyeshwa dalili yoyote kwamba mambo yanakaribia. Ameona tu matokeo ambayo mkeka wa namna hiyo huzaa kwa kawaida.

Makato yenyewe hayahitaji elimu kubwa kuyaona. Kikokotoo cha simu kinatosha. Tuseme mechi ina odi 2.10 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata 0.476, 0.3125 na 0.294. Jumlisha: 1.083. Mechi ina matokeo matatu tu, na uwezekano wake wote ukijumlishwa lazima uwe 1 kamili. Ile 0.083 iliyozidi ndiyo sehemu ya kampuni. Ukigawanya 1 kwa jumla hiyo kabla ya kuifupisha, 1.0828, unapata 0.924, kwa hiyo kwa kila 1,000 inayowekwa kwenye mechi hiyo, bei imepangwa irudishe wastani wa shilingi 924.

Hasara ya shilingi 76 kwenye elfu moja inavumilika. Ila kwenye mkeka makato hayajumlishwi, yanazidishwa. Mechi mbili: elfu moja inarudisha wastani wa 853. Mechi tano: 672. Mechi kumi: 451. Mchezaji hajaanza hata kukosea kuchagua, na zaidi ya nusu ya dau lake imeshaondoka kwenye bei. Ni kweli kwamba mara nyingi timu kubwa hukatwa kidogo kuliko timu dhaifu. Basi tumpe mchezaji nafuu hiyo, tuseme kila mechi imekatwa asilimia 4 tu: mechi kumi bado zinarudisha 665. Na bonasi ya mkeka mrefu, ile inayotangazwa kwa herufi kubwa, inaongeza malipo ya mkeka ulioshinda peke yake. Bonasi ya asilimia 30 inaipandisha ile 451 hadi kama 587. Kampuni inahimiza mikeka mirefu kwa sababu ndiyo inayoilipa zaidi, na hesabu hiyo iko wazi kwa yeyote atakayeifanya.

Jakpoti ni mkeka uliofikishwa mwisho kabisa. Jakpoti ya mechi 17, aina iliyopata umaarufu mkubwa Kenya, ambayo kwa kila mechi unachagua mwenyeji, sare au mgeni, ina njia 129,140,163 za kujazwa, yaani 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara 17. Wengi husema wao hawabahatishi, wanajua mpira. Tumkubalie mtu huyo uwezo wa kupatia mechi sita kati ya kila kumi, kiwango cha juu sana pale ambapo sare nayo ni jibu. Uwezekano wake wa kupatia zote 17 ni mara moja kati ya 5,900. Akicheza kila wiki bila kukosa, ni ushindi mmoja kwa wastani wa miaka 113.

Tuje kwenye lile neno linalotawala mazungumzo ya kubeti: zamu. "Zamu yao ya kufungwa imefika." Watanzania tulikuwa na mfano mkubwa mbele ya macho yetu. Yanga ilicheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, mpaka Novemba 29, 2022, Ihefu ilipoichapa 2-1 huko Mbarali. Muda mrefu kabla ya siku hiyo walikuwepo watu waliokuwa wakiweka pesa dhidi ya Yanga kila wiki, kwa hoja kwamba mfululizo umekuwa mrefu mno.

Hapo kuna maswali mawili ambayo masikioni yanafanana. La kwanza: timu inayoanza leo ina uwezekano gani wa kucheza mechi 49 bila kufungwa? Tuseme ni timu nzuri sana, na kila mechi ina asilimia 95 ya kutofungwa. Kufikisha 49 ni asilimia 8 tu, kwa hiyo ni jambo la nadra. Swali la pili: timu hiyo hiyo, ikiwa imeshafikisha 48, ina uwezekano gani wa kufungwa mechi inayofuata? Asilimia 5, ile ile ya siku ya kwanza. Zile 48 zimeshachezwa na hazidai chochote. Kosa la "zamu" ni kuchukua jibu la swali la kwanza na kulibandika kwenye la pili. Anayelifanya si mjinga. Swali la kwanza ni la kweli na jibu lake ni sahihi. Limewekwa tu mahali pasipo pake.

Mwanahisabati Mfaransa Laplace aliliandika kosa hili mwaka 1814. Alitaja wanaume waliotamani mtoto wa kiume, ambao walihuzunika kila waliposikia kwamba wavulana wengi wamezaliwa mwezi ule, wakiamini kuwa wavulana "wamekwisha" na waliobaki ni wasichana. Nasi tunayasikia hayo kwenye familia yenye mabinti watano: wa sita, watu wanasema, lazima awe wa kiume.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha kasino ya Monte Carlo, Agosti 18, 1913. Kwenye meza ya ruleti, mchezo wa kubashiri mpira utaangukia rangi gani kwenye gurudumu linalozunguka, mpira uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia ndivyo watu walivyorundika pesa kwenye nyekundu, na mamilioni ya faranga yakapotea. Gurudumu hilo lina vishimo 37: vyeusi 18, vyekundu 18 na sifuri moja. Kabla mchezo haujaanza, nyeusi 26 mfululizo ni tukio la mara moja kati ya milioni 137. Baada ya nyeusi 25, nyekundu ina asilimia 48.65, ileile iliyokuwa nayo asubuhi. Gurudumu halina daftari.

Kisa cha Italia kiliumiza watu wengi zaidi, nacho si cha zamani. Katika bahati nasibu yao ya Lotto, kila mji wenye droo hutoa namba tano kati ya 90. Kwenye droo ya Venezia, namba 53 ilikaa bila kutoka kuanzia Mei 2003 hadi Februari 9, 2005: droo 182. Nchi nzima ikaanza kuifukuzia. Kadiri ilivyochelewa ndivyo madau yalivyokua, na vyombo vya habari vilitaja makadirio ya euro bilioni 3.5 hadi 4 zilizowekwa juu ya namba hiyo moja. Watu waliingia madeni, akiba za familia zikakauka, na wapo walioripotiwa kujiua. Uwezekano wa 53 kutoka ulikuwa 1 kati ya 18 kwenye kila droo, ya kwanza na ya 182 pia. Malipo ya kuipatia yalikuwa kama mara 11 ya dau, wakati bei ya haki ni mara 18. Kwa hiyo hata siku ilipotoka, waliokuwa wameifukuzia kwa miezi waliambulia malipo madogo kuliko hatari waliyoibeba.

Lipo jambo kwenye kisa cha 53 ambalo hata wachambuzi hulipita. Namba moja kukaa droo 182 ni jambo la mara moja kati ya 33,000 hivi. Lakini wakati ule Lotto ilikuwa na miji kumi yenye droo, kila mmoja namba 90, hivyo kulikuwa na namba 900 za kuchelewa kwa wakati mmoja, mwaka baada ya mwaka. Ukichungulia sehemu 900 kwa miongo kadhaa, ajabu ya namna hiyo lazima uione mahali fulani. Ndivyo ilivyo pia kwa ligi zetu na za Ulaya: kuna mamia ya timu, kila moja ina takwimu za ushindi, sare, kona na kadi. Kila wikiendi ipo timu "haijawahi kupoteza mechi nane za Jumapili ugenini". Takwimu hiyo ni ya kweli, ila imeokotwa baada ya kutafutwa kwenye maelfu.

Wanaosoma kidogo hujitetea kwa kanuni ya wastani: mwishowe mambo husawazika, basi ikitoka mara nyingi upande mmoja, upande wa pili lazima ufidie. Kanuni ni ya kweli, ufidiaji si wa kweli. Rusha sarafu mara kumi, tuseme zote zimeonyesha kichwa. Endelea mara 1,000 zaidi. Unachotegemea kwenye hizo 1,000 ni vichwa 500, si 490. Jumla ni 510 kati ya 1,010, asilimia 50.5. Endelea mara 10,000 badala ya 1,000 na utafika asilimia 50.05. Vile vichwa kumi vya mwanzo havikurudishwa na mtu. Vimemezwa na wingi, na ziada yake bado imo.

Jambo jingine linalopotosha ni kwamba watu hawajui bahati tupu inafananaje. Walimu wa takwimu wana jaribio zuri: mwanafunzi mmoja anarusha sarafu kweli mara 100 na kuandika matokeo, mwingine anatunga matokeo 100 kichwani. Mwalimu, bila kuambiwa, hutambua karatasi ya uongo kwa kutafuta mfululizo. Kwenye mirusho 100 ya kweli, uwezekano wa kukutana na upande mmoja ukijirudia mara sita au zaidi ni karibu asilimia 80. Anayetunga huogopa kuandika sita mfululizo, kwa sababu kwake hiyo haionekani kuwa bahati.

Kindege, yaani Aviator, mchezo wa kubeti ambao namba ya kuzidisha dau hupanda kadiri ndege inavyopaa na lazima utoe pesa kabla haijapotea, kimejengwa juu ya kutoelewa huko. Juu ya skrini kuna historia ya raundi zilizopita kwa rangi: buluu chini ya 2, zambarau juu yake, waridi kuanzia 10. Mchezaji huisoma historia hiyo kama anayesoma mawingu: buluu zimekuwa nyingi, sasa waridi inakuja. Mtengenezaji wake, Spribe, anatangaza kwamba mchezo unarudisha asilimia 97. Kwa mchezo wa aina hii hiyo ina maana uwezekano wa ndege kufika kiwango fulani ni karibu 0.97 ukiigawanya kwa kiwango hicho: kufika 2 ni asilimia 48.5, kufika 10 ni asilimia 9.7. Raundi 20 bila waridi hata moja hutokea mara 13 kati ya 100, na raundi 45 mara moja kati ya 100. Baada ya raundi 45 kavu, raundi ya 46 ina asilimia 9.7. Tena matokeo hupatikana kwa kuchanganya msimbo wa siri wa seva na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza wa raundi, kabla ndege haijapaa. Historia ya rangi haiingii popote kwenye hesabu hiyo. Programu zinazouzwa kwamba "zinatabiri kindege" hazina cha kusoma.

Asilimia 97 inaonekana ukarimu ukilinganisha na 92 ya mechi. Kinachoumiza ni kasi. Anayeweka 1,000 kwenye mechi moja Jumapili anaacha wastani wa shilingi 76. Anayeweka 1,000 kwa raundi 200 za kindege, jambo linalowezekana kwa kukaa kitako mara moja, amezungusha 200,000 na kuacha wastani wa 6,000.

Mfululizo wa hasara umezaa dawa yake ya bandia, kudabo. Unaanza na 1,000 na kutoa ndege ikifika 2. Ukipoteza unaweka 2,000, kisha 4,000, 8,000, mpaka ushinde. Ushindi wowote unarudisha vyote na faida ya 1,000. Inaonekana haina pa kuvuja. Tuseme una 255,000, zinazotosha hatua nane: 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000 na 128,000. Kupoteza nane mfululizo hutokea mara moja kati ya 202. Kwa hiyo karibu kila mzunguko, yaani tangu dau la kwanza hadi ushinde au uishiwe, unaondoka na 1,000 yako, na hapo ndipo watu husimulia wenzao kwamba mfumo unafanya kazi. Lakini mzunguko mmoja kati ya 202 unachukua 255,000 zote. Ukiweka pamoja faida na hasara, kila mzunguko unakugharimu wastani wa shilingi 267. Na kati ya watu 100 wanaoanza hivi wakilenga kukusanya faida ya 100,000, kama 39 wanafilisika kabla ya kufika. Kuongeza mtaji hadi hatua kumi, yaani 1,023,000, kunaahirisha siku hiyo na kuikuza hasara yake. Kudabo hakupunguzi makato hata senti. Kunayakusanya yote mahali pamoja, na siku ikifika mtu anakuwa amekopa.

Kwa wachezaji wa uwanjani, ambao ni binadamu na si gurudumu, suala la kuwa "moto", yaani kuzidi kupatia baada ya kupatia mfululizo, si la kupuuzwa. Mwaka 1985 watafiti Gilovich, Vallone na Tversky walichunguza mitupo ya mpira wa kikapu wakahitimisha kwamba mchezaji moto ni dhana tu. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo walionyesha kwamba njia ile ya kupima ilikuwa na kasoro. Rusha sarafu mara tatu, tafuta kwenye kila mpangilio unaowezekana ni asilimia ngapi ya vichwa vilifuatwa na kichwa kingine, kisha piga wastani wa asilimia hizo, ukiiacha mipangilio isiyo na kichwa cha kufuatwa: unapata asilimia 41.7, si 50. Walipoirekebisha kasoro hiyo, dalili za umoto zilijitokeza. Basi straika anaweza kuwa kwenye kiwango, na timu pia. Ila mpanga bei naye ameziona mechi zile zile. Timu iliyoshinda saba mfululizo inauzwa kwa 1.25 badala ya 1.60, na aliyekuja kununua umoto wake anaulipia bei kamili, makato juu.

Wanaofaidi mfululizo kwa uhakika ni wauza mikeka wa Telegram na WhatsApp. Mbinu moja haihitaji kujua mpira kabisa. Muuzaji anakusanya namba 1,024. Nusu anawatumia kwamba mechi ya leo itakuwa na magoli zaidi ya 2.5, yaani matatu au zaidi, nusu kwamba hayafiki. Waliopewa jibu baya anaachana nao. Wanabaki 512, kisha 256, 128, 64, na baada ya mechi tano kuna watu 32 ambao wameona utabiri sahihi mara tano bila kosa. Hao ndio wanaoambiwa sasa walipie. Wako tayari, maana wameshuhudia kwa macho yao, na hakuna anayewaonyesha wale 992 wengine.

Kabla ya kumlipa mtu wa namna hiyo, mtake orodha ya utabiri wake wote, wenye muda wa kabla ya mechi na odi ya wakati ule, si picha za mikeka iliyotoka. Kisha linganisha na kiwango cha chini cha kutopata hasara: odi 2.00 inadai kupatia zaidi ya asilimia 50, odi 1.50 zaidi ya 66.7, odi 1.30 zaidi ya 76.9. Na idadi iwe kubwa. Kwenye dau 100 za odi 2.00, aliyepatia 58 anaonekana mtaalamu, lakini kati ya kila watu 15 wanaorusha sarafu mara 100, mmoja hufikisha 58 au zaidi.